Mwanafunzi wa Nyumbani

Wiki ya kwanza, Jumatatu

Daftari hili nimelinunua mwenyewe pamoja na kalamu yake, lile la shule liko pale mezani na hilo ni mali ya mjukuu, hili ni langu halisomwi na mtu wala halitiwi wino mwekundu na mtu. Mimi ni fundi seremala, huu mwaka wa arobaini na sita naranda mbao, nusu ya milango ya mtaa huu imetoka kwenye mikono hii na hakuna hata mmoja unaolia ukifunguliwa, asiyeamini akausukume. Shule niliishia darasa la tatu lakini la tatu la zamani lilikuwa la tatu kweli. Mke wangu amekufa, leo siku ya thelathini na nane. Mvua imeanza.

Jumanne

Nieleze hilo daftari la shule lilivyoingia ndani. Mjukuu wangu yuko darasa la saba, na mwalimu wao wa lugha, ambaye watoto wanamwita Mwalimu Nukta maana kila sentensi anauliza nukta iko wapi, ana utaratibu wake ambao sijauona shule nyingine. Kila mtoto anachukua mtu mzima mmoja wa kwao awe mwanafunzi wake wa nyumbani, muhula mzima, huyo mtu mzima anaandika kila siku, mtoto anasahihisha kwa kalamu nyekundu na anaeleza pembeni kosa ni kosa gani, halafu anamfundisha yale maneno ya kitaaluma ya wiki. Wiki ya tisa daftari linakwenda kwa mwalimu. Ni nusu ya alama za lugha.

"Babu, wewe ndiye mwanafunzi wangu."

"Nani? Mimi nimeshika msumeno baba yako hajaota jino."

"Ndiyo, Babu. Mistari mitano tu kwa siku."

"Kwani mwingine hayupo?"

Akanitazama. Mwingine alikuwa bibi yake. Nikachukua kalamu.

Jumatano

Mvua. Nimeranda mbao tatu.

Alhamisi

Binti yangu mkubwa amepiga simu, shangazi yake mjukuu, yeye anaishi mbali na ana kazi ya ukarani na nyumba yenye maji ya bomba ndani. Hapigi simu kunisalimia, anapiga kunipangia. Muhula uliopita mjukuu alikosa siku thelathini na moja akimuuguza bibi yake, akaanguka somo la lugha, na shule imesema akianguka tena anarudia darasa.

"Baba, nisikilize. Akirudia darasa namchukua. Akipita abaki kwako, sitatia neno."

"Atapita."

"Unajuaje?"

"Ni damu yangu."

Akacheka kile kicheko cha mama yake. Nikasema chaji imeisha, nikakata simu.

Baba wa huyu mtoto, mwanangu, ana mke mwingine na nchi nyingine. Mama wa mtoto naye ameolewa kwingine. Nimemlea mimi tangu ana miaka minne. Tumemlea.

Wiki ya pili, Jumatatu

Hakuna kitu.

Jumanne

Mjukuu ameleta masahihisho ya kwanza. Nilikuwa nimeandika kwamba mimi ndiye fundi bora mtaa mzima na hakuna wa kunifikia. Amepiga mstari chini, pembeni ameandika, Dai, ushahidi uko wapi?

"Dai ndiyo nini?"

"Ni jambo unalolisema ni kweli, Babu, kabla hujalithibitisha. Ushahidi ndio unaolithibitisha. Ni maneno ya wiki hii."

"Ushahidi si milango? Kausukume wowote."

"Basi uandike milango. Usiandike 'hakuna wa kunifikia'."

"Na kama kweli hakuna?"

"Umewapima wote?"

Mtoto wa miaka kumi na mitatu. Tena amesema sentensi yangu moja ina maneno arobaini na nane na haina pa kupumzikia. Nikamwambia mimi napumulia pua, nukta ni za wenye pumu. Hakucheka. Zamani alikuwa anacheka. Zamani nilikuwa namtania namwita mke mdogo, bibi yake anajifanya kununa, tunacheka wote watatu. Sasa simwiti hivyo.

Ijumaa

Nimekula. Sikumbuki nini.

Wiki ya tatu, Jumatano

Mwalimu mkuu wa shule yao amenifuata karakanani. Madawati thelathini na manne yamelegea, anataka yakazwe muhula huu huu. Amekwenda kwa mafundi wawili kabla yangu wakamwambia wana kazi nyingi. Mimi nimemwambia amechelewa kuja kwa fundi mwenyewe. Naanza Jumatatu.

Nimemwambia mjukuu nitakuwa shuleni kwao. Akasema, "Babu, tafadhali usiongee na watu."

Wiki ya nne, Jumatatu

Varanda ya shule inavuja kwa hii mvua kwa hiyo nafanyia kazi nyuma ya darasa la saba huku wanasoma. Natumia patasi na gundi tu, nyundo nasubiri kengele. Watoto wameshanipa jina, Babu Msumari. Sijakataa.

Mwalimu Nukta ni mwanamke mfupi, ana sauti ya mtu anayehesabu. Ukuta mzima ameubandika makaratasi, DAI, USHAHIDI, LINGANISHA, TOFAUTISHA, FAFANUA, HITIMISHO. Namna yake ya kufundisha ni kuandika ubaoni sentensi mbovu kutoka kwa wanafunzi wa nyumbani, bila jina, halafu darasa linaitengeneza kipande kwa kipande kama sisi tunavyotengeneza kiti kilichovunjika, hawakitupi. Leo ilikuwa hii, Mume wangu ni mvivu kwa sababu ni mvivu.

"Kuna tatizo gani hapa?"

Msichana mmoja akasema, "Dai limerudiwa mara mbili, Mwalimu. Ushahidi haupo."

Mvulana wa dawati la mbele akanyoosha mkono, "Mwalimu, ushahidi ninao nyumbani. Umelala kwenye kochi."

Darasa likaanguka kwa kicheko, na mimi huko nyuma kidogo nijikate kidole. Mwalimu akangoja wamalize. "Vizuri. Sasa liandike hilo la kochi."

Jumanne

Dawati la tatu la safu ya dirishani ni la mjukuu. Nililikaza jana, halitikisiki. Leo saa ya tatu alilala juu yake.

Simsingizii, nilimwona. Kichwa juu ya mkono, kalamu nyekundu bado vidoleni, mdomo umeachia. Jirani yake akamgusa kwa kiwiko, hakuamka. Mwalimu akapita, akaangalia, akashusha sauti akaendelea na wengine. Robo saa. Alipoamka akafuta mate kwa mkono wa sweta, akaanza kunakili ubao kama vile hakuna kilichotokea.

Nikaendelea na patasi. Kwenye daftari la shule leo nimeandika habari za gundi.

Jumatano

Mvua. Madawati mawili.

Alhamisi

Mvua. Madawati mawili.

Wiki ya tano, Jumatatu

Watu wa msikitini na kanisani, wa kwetu na wa kwao, wote wakinikuta njiani wananiuliza unaendeleaje mzee, na mimi nawajibu sina neno. Ndiyo kweli. Kitanda ni kipana, nalala upande wangu. Chai naweka sukari vijiko vitatu kama siku zote, siisikii. Siumwi popote. Ni kama mkono ulioulalia, upo, unauona, unaubonyeza, si wako.

Leo nikaandika kwenye daftari la shule, Mimi sina neno. Mistari mitano, nikairudia mara tano ili itimie.

Jumanne

Amepiga mstari chini ya ule wa kwanza. Pembeni, Dai.

Nikapandisha hasira. "Hilo halisahihishwi! Wewe mtoto una adabu kweli? Bibi yako angekusikia!"

"Sijasahihisha, Babu. Nimeuliza tu."

"Usiniulize."

"Mwalimu amesema kila dai."

"Mwambie mwalimu wako aje aniulize mwenyewe."

Akafunga kalamu. Akaenda kuchambua mchele. Nilimsikia anachambua muda mrefu kuliko mchele wenyewe ulivyokuwa.

Alhamisi

Hakuna.

Wiki ya sita, Jumatatu

Alfajiri leo nilitoka kwenda chooni, saa kumi na moja na nusu. Nikamkuta uani ana ndoo ya pili, ya kwanza ameshaileta. Moto umeshawaka. Chini ya taa ya jikoni daftari langu la shule liko wazi, anasahihisha huku anakoroga uji.

"Unaamka saa hizi kila siku?"

"Ndiyo, Babu."

"Tangu lini?"

Akafikiri. "Tangu bibi alipoanza kuumwa."

Hiyo ni miezi saba. Nimeishi humu ndani miezi yote saba. Uji ulikuwa unakuja mezani nami nikaunywa.

Jumanne

Madawati matatu.

Ijumaa

Mvua imeng'oa bati moja la karakana. Nimelirudisha mwenyewe, kwa umri huu, peke yangu juu ya ngazi. Vijana wawili walikuwa wanapita wakasimama kutazama. Watazame.

Wiki ya saba, Jumatano

Nimelipitia daftari la shule kuanzia mwanzo. Wino mwekundu umelijaa kama ukuta wenye surua. Kila ukurasa mishale, mistari, na pembeni maandishi madogo madogo ya mjukuu, hapa umeunganisha maneno mawili, hapa umekata neno katikati, hapa sentensi haijaisha umeanza nyingine, hapa ni dai, hapa ni dai, hapa ni dai. Ukurasa wa arobaini amechora kasura kadogo kanacheka, ameandika, Safi Babu, huu ni ushahidi! Ni pale nilipoandika kwamba mlango wa zahanati una miaka kumi na tisa na bawaba zake ni zile zile.

Nikawaza, hiki ndicho kitu tunachompelekea mwalimu? Nani anapeleka meza kwa mwenyewe ikiwa bado ina alama za penseli? Mtu akiziona alama atasema fundi alibahatisha. Unapima, unachora, unakata, halafu unapiga msasa mpaka alama zote zinatoka. Hapo ndipo unapokea sifa. Mtoto atapata sifuri kwa huu uchafu, shangazi yake atakuja, na mimi nitabaki na nani.

Sikumwambia.

Wiki ya nane, Jumatatu

Nimenunua daftari jipya, la aina ile ile ya shule, jalada lile lile. Nimeanza kunakili karakanani, mlango nimefunga.

Jumanne

Kurasa tisa. Kila alichosahihisha nafuata yeye, naandika safi. Kila pa dai nimeweka ushahidi. Nimeongeza na maneno ya ukutani, vilevile, hivyo basi, ikilinganishwa na. Mkono unauma.

Jumatano

Kurasa kumi na nne.

Alhamisi

Kurasa kumi na sita. Mjukuu aliuliza daftari liko wapi, nikamwambia nimelibakiza karakanani na mimi bado naandika. Akafurahi. Akasema, "Babu umekuwa mwanafunzi hodari."

Jumamosi

Nimemaliza, kurasa sitini na mbili. Sijapata kuona kazi safi namna hii na nimeifanya mimi. Lile la zamani nilichemshia gundi. Karatasi kavu inawaka vizuri, inawaka kuliko takataka za randa.

Wiki ya tisa, Ijumaa

Nimelipeleka mwenyewe mkononi mwa Mwalimu Nukta, nimevaa shati jeupe. Mjukuu nilimwambia atulie aone.

Wiki ya kumi, Jumanne

Mwalimu Nukta aliniita wakati wa mapumziko. Mjukuu alikuwa tayari amesimama pale pembeni ya meza yake, mikono nyuma.

"Mzee, karibu ukae."

"Nitasimama. Hicho kiti mguu wake wa nyuma umelegea, bado sijakifikia."

"Hili daftari ni la nani?"

"La shule."

"Halina kosa."

"Hata moja," nikasema.

Akalifungua katikati, akalifunga. "Mjukuu wako alisahihisha nini?"

Nikamtazama mjukuu. Yeye alikuwa anatazama jalada.

"Mzee, mimi sipimi kama wewe unajua kuandika. Wewe si mwanafunzi wangu. Napima kama huyu anaweza kuliona kosa, akalijua kwa jina lake, akamweleza mtu mbishi mpaka akaelewa. Humu hamna kosa, kwa hiyo hamna kazi yake hata mstari mmoja. Daftari lenye wino wake liko wapi?"

"Nilichemshia gundi."

Nje watoto walikuwa wanacheza kwenye madimbwi.

"Kurasa sitini na mbili, Babu," mjukuu akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nazifanya alfajiri."

"Nilipiga msasa tu," nikasema. "Nilitaka ipendeze."

Mwalimu akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, akaivaa tena. Akasema nusu ya alama ni sifuri na hawezi kuzitoa hewani. Lakini kuna njia moja. Ijumaa nije darasani, niandike ubaoni mbele ya darasa zima, kwa mkono wangu, bila kusaidiwa, na mjukuu anisahihishe hapo hapo kwa chaki nyekundu akieleza kila kosa. Hiyo ndiyo atakayompimia.

"Mimi? Ubaoni? Mbele ya watoto arobaini?"

"Arobaini na watatu."

"Ng'o," nikasema. Nikatoka.

Jumatano

Mjukuu hasemi. Amepika, amefua, amepanga. Nikimwuliza jambo anajibu ndiyo Babu, hapana Babu. Shangazi yake amepiga simu, mjukuu akapokea, akamwambia, "Sijui, Shangazi. Muulize Babu." Akaniwekea simu mezani, akaenda zake uani.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna."

"Baba."

"Mvua inanyesha, sisikii vizuri."

Alhamisi

Mtu anayesema hakuna wa kumsahihisha, kesho aende akasimame asahihishwe na mtoto aliyelelewa naye. Hilo ni jambo la kuchekwa mtaa mzima na mitaa ya jirani. Nimekaa nalo kutwa. Sikuranda ubao hata mmoja.

Ijumaa

Nimekwenda.

Nikaingia na shati lile lile jeupe. Watoto wakasema shikamoo Babu Msumari kwa pamoja, nikasema marahaba. Mwalimu akanipa chaki. Chaki si penseli, inakataa. Akasema niandike dai moja linalonihusu, ushahidi wake, na hitimisho. Akaenda kukaa nyuma, kwenye dawati nililolikaza mimi.

Nikaandika, Mjukuu wangu akae na mimi.

Mjukuu alikuwa amesimama pembeni yangu na chaki nyekundu. Hakuigusa sentensi. Aliweka nukta tu mwisho.

"Ushahidi, Babu," akasema.

Nikaandika kwamba nyumba ninayo na nimeijenga mwenyewe na kazi ninayo na madirisha yote yana vioo na hakuna fundi anayenifikia. Akaikata mahali pawili akaweka nukta, akalieleza darasa kwa nini. Maneno ya mwisho akayazungushia duara. "Hili ni dai jingine." Watoto wakacheka kidogo. Halafu akarudi nyuma hatua moja, akasoma yote.

"Na huu uliobaki ni ushahidi wa nyumba, Babu. Hauhusu mimi."

Mgongo wangu kwa watoto arobaini na watatu. Nikafuta yangu yote kwa kiganja, nikabakiza dai. Nikaandika tena, na hiki ndicho nilichoandika, nakikumbuka neno kwa neno,

Anaamka saa kumi na moja. Anachota maji ndoo mbili. Anapika. Halafu anasahihisha. Halafu anakwenda shule analala kwenye dawati la tatu, nimemwona kwa macho yangu. Muhula uliopita alikosa siku thelathini na moja kwa sababu bibi yake alikuwa anaumwa na mimi sikujua kumgeuza mgonjwa

Hapo chaki ikasimama. Nikakata neno sikujua, nikaandika juu yake, sikutaka. Nikaendelea,

wala kumwosha, nikasema hiyo si kazi ya mwanamume nikakaa karakanani na mtoto akafanya yeye mpaka mwisho

Mjukuu akaja. Akaweka nukta baada ya kumwosha. Akatenganisha maneno mawili niliyoyabana pamoja. Akalieleza darasa, "Hapa sentensi ni mbili. Ya kwanza ina sababu, ya pili ina matokeo. Ukiziunganisha, msomaji hajui lipi limeleta lipi." Alieleza vizuri. Alieleza kila kosa na akalitaja jina, moja baada ya jingine, hakuniachia hata moja, na mkono wake ulikuwa umejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kiwiko. Alipofika kwenye neno nililolikata akasimama.

"Hapa mwandishi amebadilisha neno," akasema. "Ushahidi wa kwanza haukuwa wa kweli."

Mvulana yule wa kochi akanyoosha mkono. "Sasa hitimisho ni lipi? Maana ushahidi unapinga dai."

"Mwache aandike," mwalimu akasema kutoka nyuma.

Kengele ikalia. Nikaweka chaki kwenye kibao chake, nikatoka. Viatu vyangu vilikuwa vyeupe kwa chaki. Nilifika nyumbani nikakaa kitini. Nikangoja kitu kije, aibu, au kilio. Hakikuja. Nikafuta viatu.

Wiki ya kumi na moja, Jumatatu

Wanafanya mtihani. Nimeamka saa kumi na moja kabla yake. Nimechota maji mwenyewe. Nimepika uji, umeshika chini.

Jumanne

Nimeamka mimi. Uji umeshika chini. Ameula wote.

Jumatano

Nimeamka mimi. Nimefua sare yake, imetoka na doa la chai ambalo halikuwepo. Alisema, "Asante, Babu." Ndilo neno la kwanza humu nyumbani lisilo ndiyo wala hapana tangu lile la kurasa sitini na mbili.

Alhamisi

Nimeamka mimi.

Ijumaa

Nilichelewa. Si kuchelewa, nilisikia jogoo, nikasikia na ndoo, nikasema dakika tano. Nilipotoka, ndoo zote mbili zimejaa, moto umewaka, na yeye anapuliza.

"Nilisema nitafanya mimi."

"Ulikuwa umelala vizuri, Babu. Sikutaka kukuamsha."

Nikakaa. Akaleta uji, laini, haujashika chini. Nikaunywa. Nikaona raha. Hiyo ndiyo habari yenyewe, niliona raha, na sikuwa nimeona raha ya kitu chochote tangu mazishi. Samaki mkunje angali mbichi, mimi nimeshakauka. Akikaa hapa ataamka, na mimi nitamwacha aamke. Najijua.

Wiki ya kumi na mbili, Jumatano

Matokeo yametoka. Lugha amepata sitini na moja. Amepita. Amekuja mbio kutoka getini na karatasi imelowa mvua, akaniwekea juu ya benchi la kazi katikati ya takataka za randa.

"Sitini na moja, Babu! Nabaki!"

Nikaisoma mara mbili. Nikamwambia hongera. Akacheka kile kicheko, kile ambacho shangazi yake anacho, ambacho kilikuwa cha bibi yake.

Jumamosi

Shangazi yake amekuja kwa basi la asubuhi. Akakaa, akasoma karatasi, akaikunja.

"Haya. Ahadi ni ahadi. Sitatia neno."

"Mchukue," nikasema.

Mjukuu alikuwa mlangoni na sinia la chai. Hakuliangusha. Aliliweka chini taratibu kama mtu anayeweka yai.

"Babu?"

"Mchukue," nikamwambia binti yangu, sikumtazama mwingine. "Kwako maji yanatoka ukutani. Atalala mpaka saa kumi na mbili. Likizo aje."

"Baba, una uhakika? Wewe ndiye uliyekuwa unapiga kelele—"

"Nimesema."

"Babu, nimepita," mjukuu akasema. "Nimefanya kila kitu nibaki. Kama ni maji, si utachota wewe? Ulichota."

"Siku nne."

"Nne si kidogo."

"Ijumaa nilikusikia unachota, nikalala."

Mimi ni mbishi, watu wote wanajua, na mtoto huyu amechukua kwangu. Tulibishana mpaka chai ikawa baridi. Alisema ataamka saa kumi na mbili kamili. Alisema atakula mkate mkavu. Alisema, "Na wewe utakaa na nani?" Mwisho akasema, "Umenifukuza," akaingia chumbani kufunga nguo, na shangazi yake akamfuata, nikasikia wanalia wawili. Mimi nilikuwa nimeshika begi lake, zipu yake imekwama muda mrefu. Niliipaka mshumaa ikateleza.

Jumapili

Wamepanda basi la saa tatu. Nilibeba begi mpaka stendi. Mjukuu alikaa dirishani upande wangu, akatazama mbele. Basi lilipowashwa akafungua kioo.

"Sitini na moja," akasema. "Sasa zilikuwa za nini?"

Akaacha mkono wake juu ya kingo ya dirisha, sijui kwa makusudi au aliusahau. Nikaushika. Bado kwenye kucha palikuwa na chaki nyekundu kidogo, au ni macho yangu tu. Basi likaondoka.

Mvua imekatika. Nimerudi, nimefungua mlango, nimekaa. Saa saba njaa ikaniuma kweli, njaa yenye jina. Nikachukua sufuria, nikachukua mchele, nikasimama. Miaka sabini na mbili na sijui maji yanaingia kiasi gani. Nikatoka mpaka kwa jirani, mshona nguo, mashine yake iko barazani. Tumeishi ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sijapata kumwuliza kitu.

"Mama, samahani. Mchele unatiwa maji kiasi gani?"

Akasimamisha mashine. "Mchele wa watu wangapi, mzee?"

"Mmoja."

Akanitazama. Hakusema pole, namshukuru. Akasema, "Kikombe kimoja cha mchele, viwili vya maji. Na usifunue-funue."

Nimeandika hapa nisisahau. Kikombe kimoja. Viwili vya maji. Usifunue.